Maharage yanayogoma kuiva

Pole dada uliyeuliza kwa nini maharage yako hayaivi, ukasema unatia nyanya tangu mwanzo. Maharage yakichemka masaa matatu na bado yakawa magumu, usilaumu mkaa. Mengi yanayogoma ni ya msimu uliopita, yaliyokaa kwenye joto na unyevu. Utayaona maganda yamefifia na kukunjamana. Nusu kilo iloweke usiku kucha kwa lita mbili za maji na nusu kijiko cha chai cha magadi, kisha mwaga maji hayo na uyasuuze. (Magadi yakizidi, yanaacha ladha ya sabuni.) Lakini hiyo nyanya unayoitia mwanzoni ndiyo kosa kubwa: asidi yake inakaza maharage. Subiri hadi punje ibonyee kati ya vidole viwili bila kiini kigumu, ndipo uunge kwa kitunguu, nyanya na nazi.