Maswali ya Wasomaji: Dar es Salaam, uliza saa kabla ya kuuliza mahali

SWALI: Ndugu mwandishi, salamu. Nimehamishiwa Dar es Salaam kikazi nikitokea Songea, na nimepanga chumba Magomeni. Wenzangu wa ofisini hunichukua kwenda kula Masaki na Mikocheni, ambako chakula si kibaya lakini bili yake inanitoa jasho, na kwenye menyu naona baga na piza kuliko chakula cha hapa. Ningependa kuujua mji huu kwa vyakula vyake wenyewe. Naomba unitajie migahawa mitano au sita ambayo sitajutia kwenda.
Mgeni wa jiji, Magomeni

JIBU: Ndugu yangu, karibu Dar es Salaam. Orodha uliyoomba sitakupa, wala si kwa uchoyo. Katika mji huu jina la mgahawa hubaki ukutani muda mrefu baada ya mpishi aliyelipatia sifa kuondoka na kufungua banda lake mtaa wa pili, na anayefuata jina huishia kulipia sifa za zamani. Kinachoaminika zaidi ni saa. Karibu kila chakula cha jiji hili kina wakati wake wa kuiva na wakati wake wa kwisha, kwa hiyo mtu akikusifia mahali, muulize kwanza watu huenda pale saa ngapi.

Chukua supu. Supu ya ng'ombe, ya utumbo au ya makongoro hubandikwa usiku, na inapofika saa kumi na mbili asubuhi mchuzi umekwisha kukolea mifupa. Saa moja bado utachaguliwa nyama unayoitaka. Ukifika saa nne, usishangae kukuta sufuria imeongezwa maji. Banda la kuaminika utalitambua kwa wateja wake: waendesha bodaboda, makondakta wa daladala, mafundi, walinzi wanaotoka lindo, yaani watu ambao mlo huo ndio utakaowafikisha alasiri na ambao hawana subira na supu mbovu. Ionje kabla hujatia ndimu na pilipili, na uagize chapati iliyo bado kwenye kikaango, si ile iliyofunikwa ndani ya ndoo tangu alfajiri.

Mchana ni zamu ya mama lishe, na kwa kuwa unakaa Magomeni, basi la mwendokasi litakufikisha Kariakoo kwa dakika chache. Wengi huenda huko kutafuta nguo na simu, wakarudi nyumbani na njaa. Soko Kuu lenyewe, lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, na ambalo mapaa yake ya zege yanafanana na miavuli iliyopinduliwa, liliungua Julai 2021, serikali ikalazimika kulikarabati. Lakini anayetafuta chakula cha mchana hana haja ya kuingia ndani ya jengo hilo, kwa sababu wanaowalisha wachukuzi na wauza maduka wa Kariakoo wamo vichochoroni, kwenye mabenchi yaliyoegeshwa ukutani. Nenda kati ya saa sita na nusu na saa nane. Kabla ya kukaa, simama kidogo umtazame mama anapofunua sufuria: wali wa nazi ulioiva sasa hivi hutoa mvuke na punje zake huachana, na chini hubaki ukoko ambao wateja wa kila siku huuomba bila aibu. Atakuuliza unataka wali na nini, nawe usikimbilie nyama. Kisamvu kilichotwangwa vizuri kikaungwa kwa tui, au dagaa waliokaangwa na nyanya na kitunguu, vitakuonyesha mkono wa mpishi kuliko kipande cha nyama ya kuchemsha. Siku ya Ijumaa mitaa mingi hupika pilau, na baada ya swala foleni huwa ndefu, wahi.

Jioni utakutana na chipsi kila kona, hasa chipsi mayai, ambazo vijana huziita zege. Sina mengi ya kusema juu yake ila moja: agiza zikaangwe ukiwa umesimama pale, kwa maana zilizokaa kwenye kabati la kioo tangu saa kumi hazifufuliwi na yai lolote. Mihogo ya Coco Beach, pale Oysterbay, ni jambo jingine. Wenyeji watakwambia uende Jumapili, nami nakushauri uende siku ya kazi. Jumapili ni siku ya kutazama watu, na mwuzaji mwenye umati mbele yake hukaanga kwa haraka. Jumanne jioni atakuchagulia muhogo usio na mizizi, ataukaanga mpaka upasuke, na atakuongezea chachandu ukimwomba kwa adabu.

Na Masaki usiisuse. Mji wa bandari hula vya watu wote, na vyakula vya Kihindi, Kihabeshi na Kichina ni sehemu ya maisha ya hapa. Ila nenda siku ambayo mshahara umeingia, na uulize mapema kama bei za kwenye menyu zimejumuisha kodi.

SWALI: Mimi ni mkazi wa Tabata. Kila Jumamosi nikimaliza kazi za nyumbani huenda soko la samaki la Feri, nikafika kama saa tano hivi. Jirani yangu ananiambia kila mara kwamba nimelipa karibu mara mbili ya bei, na samaki wenyewe wakati mwingine hulegea kabla sijafika nyumbani. Je, nibadilishe mchuuzi?
Mama wa watoto watatu, Tabata

JIBU: Dada yangu, mchuuzi wako huenda hana kosa. Badilisha saa. Soko la Feri, pale Magogoni karibu na kivuko cha Kigamboni, lilijengwa kwa msaada wa Japani na likaanza kutumika mwaka 2002, na maisha yake yanategemea mnada unaofanyika samaki wanaposhushwa. Huko huuzwa kwa fungu, kwa ndoo au kwa tenga, na wanunuzi wakubwa ni wenye hoteli na wachuuzi wa mitaani. Inapofika saa tano, yule changu unayemtazama amekwisha kupita mikono miwili au mitatu, kila mmoja ameweka faida yake, na jua nalo limeshafanya kazi yake. Hapo bei imepanda huku samaki akishuka.

Fanya hivi. Tafuta majirani wawili au watatu mchange fedha, mfike saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mnunue fungu zima mnadani na kugawana hapo hapo. Mara ya kwanza simameni tu na kusikiliza, kwa sababu mnadishaji huenda kasi na mtu akitikisa kichwa kumsalimia rafiki yake anaweza kujikuta ameongeza dau. Samaki mzuri ana macho yaliyotuna na maangavu. Mfunue shavu uone ndani kama ni pekundu, kisha mbonyeze ubavuni, na alama ya kidole isibaki. Wapo vijana wa kuparua magamba kwa malipo madogo, nawe usione taabu kuwalipa, maana kazi ambayo ingekuchukua asubuhi nzima wao huimaliza kabla hujapata chenji yako. Nenda na ndoo yenye mfuniko na ununue barafu palepale.

Tena angalia mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali huadimika na bei hupanda, ilhali pweza hupatikana zaidi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na miamba ikaonekana. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, vyombo vidogo hubaki ufukweni na kila kitu huwa ghali. Wiki kama hiyo pika maharage. Na kwa kuwa utakuwa umetoka nyumbani bila kifungua kinywa, upande wa wakaangaji utapata samaki wa moto kabla ya kupanda gari.

SWALI: Shikamoo. Ninatarajia kuja Dar es Salaam kutoka Mwanza katika mwezi wa Ramadhani. Mimi si Mwislamu. Je, nitapata chakula mchana, na nifanye nini nisije nikawaudhi wenyeji?
Kijana wa Nyamagana

JIBU: Marahaba mwanangu. Chakula cha mchana utakipata, hasa katikati ya mji na kwenye hoteli, ingawa mama lishe wengi wa Kariakoo na Ilala hupumzika na baadhi ya migahawa huteremsha pazia mlangoni. Kula ndani, usitembee barabarani ukitafuna, na inatosha.

Lakini ukishinda unatafuta chipsi za saa saba utakuwa umeukosa mwezi wenyewe, maana saa za chakula zimehama. Kuanzia saa kumi alasiri meza hutolewa nje ya nyumba kwa ajili ya futari: magimbi na mihogo ya nazi, ndizi mbichi zilizoungwa kwa tui, tambi za sukari, kaimati, sambusa, na uji mwepesi wenye pilipili manga. Vingi kati ya hivyo miezi mingine huvipati mtaani. Nunua kabla ya adhana ya magharibi, kwa kuwa ikilia mwuzaji naye huenda kufuturu na meza hubaki na mtoto asiyejua bei. Baada ya tarawehe mitaa huchangamka tena kwa mishikaki, na kwa kahawa chungu na kashata, mpaka usiku mwingi. Ukialikwa kufuturu nyumbani kwa mtu, itikia, ufike kabla jua halijazama, na uchukue tende au matunda mkononi. Na ukitaka uji wa kubeba, nenda na chupa yako ya chai.