Maswali ya Wasomaji: Gogogo Wawili Hawatoshi

Nilinunua gogogo wawili (samaki jamii ya kambale) wa ziwa Tanganyika, wenye madoa meusi na ukingo mweupe kwenye mapezi. Muuzaji alisema wawili wanatosha kwa akwariamu ya lita 180. Sasa mmoja amechanika mkia na mchana kutwa haonekani. Nimtoe yule mkorofi? – Mama wa Himbi, Goma

Usimtoe, Mama. Ongeza wengine. Kwa maelezo yako huyo anaelekea kuwa *Synodontis lucipinnis*, ambaye wauzaji wengi humwita petricola. Hukua hadi sentimita 8 au 10 na ni samaki wa kundi. Wakiwa wawili, mwenye nguvu ana mmoja tu wa kumfukuza, naye humfukuza usiku kucha. Wakiwa sita, ukorofi unagawanyika na hakuna anayeubeba wote. Akwariamu yako, ikiwa na urefu wa mita 1 hivi, inabeba sita bila shida, hata wanane kama chujio ni zuri.

Tafuta wanne wa aina hiyohiyo na wanaokaribiana ukubwa na hao wako, na uwanunue siku moja. Kumwongeza mmoja leo na mwingine mwezi ujao ni kumpa mkorofi mgeni mpya wa kupiga kila mara. Waweke kwanza wiki 2 au 3 katika chombo cha pembeni chenye chujio lake, uone kama wana madoa meupe au mapezi yanayooza. Siku ya kuwaunganisha, toa mawe yote na uyapange upya ili mwenyeji apoteze mipaka yake, kisha watie jioni, taa ikiwa imezimwa.

Maficho ndiyo yanayoamua mengi. Yawe mengi kuliko samaki: kwa samaki sita, weka tisa. Mabomba ya plastiki ya fundi bomba, kipenyo cha milimita 50, yakikatwa vipande vya sentimita 15 na kusuguliwa kingo kwa msasa, yanafanya kazi vizuri kuliko mapambo ya dukani. Kila kipande kiwe wazi pande zote mbili, kwa sababu tundu lenye mlango mmoja ni mtego kwa mnyonge. Mawe ya volkano ya Goma yanapendeza, lakini mengi yana kingo kali zinazokwangua ngozi isiyo na magamba na kukata sharubu. Chagua yaliyolainika na maji, na chini tandaza mchanga laini wa sentimita 3 uliooshwa mpaka maji yatoke meupe.

Usijaze kundi kwa gogogo wa aina nyingine ili tu kutimiza hesabu. *Synodontis angelicus* wa mto Kongo, kwa mfano, hupita sentimita 20 na hulinda eneo lake. Huyo hatakuwa mwenzao.

Corydoras wangu sita wamekufa mmoja baada ya mwingine. Kundi lilitosha, chakula kilitosha, maji natumia ya bomba yanayotoka ziwani. Kosa liko wapi? – Msomaji wa Katindo, Goma

Liko kwenye maji. Corydoras, kambale wadogo, ni wa mito ya Amerika Kusini, na wengi wao hufurahia pH (kipimo cha asidi na ualkali wa maji; 7 ni katikati) ya 6 hadi 7.5. Maji ya juu ya ziwa Kivu yana pH inayokaribia 9 na chumvichumvi nyingi. Tena chakula kingi kiliwaumiza zaidi. Uchafu wa samaki hutoa amonia: katika nyuzi 25 na pH 7, chini ya asilimia 1 yake ndiyo iko katika hali ya sumu kali, kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi moja. Kiasi ambacho jirani wa mahali pengine hakioni kabisa, wewe kinakuulia kundi zima.

Limau au siki haitakusaidia. pH itashuka mchana na kurudi kesho, na kupanda-kushuka huko kunaua kuliko pH yenyewe. Maji ya mvua nayo si ya kutegemea hapa, maana moshi wa volkano ya Nyiragongo huyatia asidi na floridi. Ushauri wetu: acha kupigana na ziwa, fuga gogogo wa Tanganyika, ambao maji yao ya asili yana pH ya 8.5 hadi 9. Hata sambaza tunaowala waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wamestawi. Akwariamu mpya iache chujio lifanye kazi wiki 4 hadi 6, ukitia chembe chache za chakula ili bakteria wapate cha kula, na usitie samaki mpaka kipimo cha amonia na cha nitriti (sumu inayotokana na amonia) vyote visome sifuri.

Umeme ukikatika saa nyingi samaki hupanda juu kuvuta hewa. Nifanye nini? – Baba wa Kadutu, Bukavu

Kwenye mwinuko wetu wa mita 1,500 hivi, maji ya nyuzi 25 hushika takriban miligramu 7 za oksijeni kwa lita, wakati pwani ni zaidi ya 8. Akiba ni ndogo. Weka pampu ya hewa ya betri na chujio la sponji. Kama huna, chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka kimo cha sentimita 30, dakika 5 kila nusu saa. Usilishe mpaka umeme urudi. Chujio la kopo lililofungwa likikaa kimya zaidi ya saa 4, limwage na usuuze sponji zake kwa maji ya akwariamu kabla ya kuliwasha, la sivyo litarudisha maji yaliyooza.

Hita ya wati ngapi inatosha msimu wa baridi? – Msomaji wa Kampemba, Lubumbashi

Kwa lita 180, wati 300 Juni na Julai, zikiwa hita mbili za 150. Moja ikikwama ikiwa imewashwa, haitapika samaki wote. Lenga nyuzi 25.

Gogogo amenasa mwiba kwenye wavu, nimvute? – Msomaji wa Virunga, Goma

Hapana. Miiba ya pembeni ina meno na hujifunga ikiwa imenyooka. Mzamishe majini na wavu wake, umwache dakika chache atulie. Akishindwa kujitoa, kata nyuzi za wavu kwa mkasi mdogo. Mara nyingine mwongoze aingie kwenye kopo la plastiki.