Lori la Askari Likisimama Kondele, Usianze Kujieleza

Kiwiko changu cha kushoto hakinyooki sawasawa tangu Agosti 2017. Nauza vipuri vya pikipiki Kondele, hapa Kisumu, na usiku ule wa matokeo ya urais nilikuwa nimechelewa kufunga. Nikasikia mabuti nyuma yangu, nikageuka na funguo mkononi. "Afande, mimi ndiye mwenye duka," nikaanza. Rungu lilinifikia kabla sijamaliza.

Sisemi nilistahili. Nasema nilikosea hesabu. Askari wa kituo cha karibu wananijua. Wengine huchukua cheni kwa mkopo na kulipa mwisho wa mwezi. Nikadhani kila aliyevaa sare ananijua vivyo hivyo. Yule wa usiku ule hakunijua, nami sikumjua. Sikutazama rangi ya kofia yake wala namba kifuani. Baadaye nilipoulizwa nani alinipiga nikajibu "polisi", kana kwamba hilo ni jina la mtu.

Kwa hiyo ndugu zangu wafanyabiashara, anzeni na kusoma sare. Polisi wa kawaida tangu 2018 wanavaa buluu. Hao wana OCS, yaani mkuu wa kituo, unayeweza kumpigia simu, wana watoto shule moja na wako. GSU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, ni wengine: nguo za madoadoa ya msituni, bereti nyekundu, na huja kwa malori. Kikosi hicho mizizi yake ni ya 1948, na jina la GSU kilipewa 1953, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipopigana na Mau Mau. Makao yake makuu yako Ruaraka, Nairobi. Wanafunzwa kutembea kama kundi na kungoja amri ya kamanda. Ukimvuta mmoja pembeni umweleze habari za duka lako, unamwomba afanye jambo ambalo hakufunzwa kulifanya. Akihama hapa kesho hatakukumbuka.

Wazee wetu walilijua hilo zamani. Oktoba 25, 1969, Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali ambayo mpaka leo tunaiita Russia, risasi zilipigwa kwenye umati. Serikali yenyewe ilitaja watu 11 waliokufa. Mama yangu akiona lori la askari huingiza nguo zilizoanikwa kwanza, halafu ndipo anauliza kuna nini.

Halafu kuna Recce, kampuni maalumu ndani ya GSU, kambi yao Ruiru. Vijana wa boda hapa wakiona askari yeyote mwenye kofia ya chuma husema, "Omera, Recce hao!" Si kweli. Recce ni wa kuokoa mateka na kukabili magaidi, na si rahisi uwaone Kondele. Kazi yao hupimwa kwa saa. Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa alfajiri ya Aprili 2, 2015, Recce wakafika alasiri, na watu 148 waliuawa. Walipoingia walimaliza kwa muda mfupi, ila wangetumwa mapema mambo yangekuwa mengine. Hilo ni la wakubwa wao kujibu.

Nalitaja kwa sababu mpwa wangu anafanya kazi kwenye supamaketi mjini, akaniuliza afanye nini yakitokea kama yale ya magaidi kuvamia hoteli ya DusitD2, Nairobi, Januari 2019. Nikamwambia: kama njia ya kutoka iko wazi, toka. Kama haiko, zima sauti ya simu, hata mtetemo, lala chini mbali na mlango. Waokoaji wakifika, viganja wazi na juu, usiwakimbilie hata kama ni furaha. Watakupekua, pengine watakusukuma ukutani, kwa maana hawajui nani ni mateka na nani ni gaidi aliyevua silaha. Ni hesabu ileile niliyoikosea mimi: hawakujui.

Sasa vitoa machozi, maana hivyo ndivyo tunavyokutana navyo zaidi. Kinachokuchoma si moshi hasa, ni unga laini unaoganda kwenye nguo, nywele na jasho. Ndiyo maana ukijipaka Vaseline unaufanya ung'ang'anie. Usisugue macho. Osha kwa maji safi mengi, ukiyaacha yatiririke dakika kumi au zaidi, kisha vua nguo za juu uziweke nje. Mkebe wenyewe unachoma, usiudake kwa mkono mtupu. Nimeona viganja vya vijana vikibabuka kwa ujasiri wa sekunde mbili. Alasiri upepo wetu hutoka ziwani, basi ukikimbia elekea unakotoka upepo, usikimbie pamoja na wingu. Nyumbani ziba nafasi ya chini ya mlango kwa kitambaa chenye maji. Watoto wasilazwe sakafuni, unga hushuka chini.

Kufunga duka nako kuna adabu yake. Mimi hufunga mapema, hata kama majirani wananicheka. Siingizi watu nisiowajua nikateremsha mlango nao ndani: askari wakifungua wakakuta wanaume kumi na wawili gizani, hakuna atakayeuliza ni nani mnunuzi wa plagi. Mali yangu ya kwanza ni uhai, hizo taa na vioo nitanunua vingine.

Lakini "kaa ndani" si dawa ya kila kitu, na anayekuambia hivyo hajaishi Kisumu. Mwezi huohuo wa kiwiko changu, mtoto wa miezi sita, Samantha Pendo, alipigwa akiwa nyumbani kwao Nyalenda wakati wa msako wa usiku, akafa siku chache baadaye. Wazazi wake walikuwa ndani. Kwetu tumekubaliana hivi: mlango ukigongwa usiku, taa inawashwa, mtu mzima mmoja anajibu kwa sauti, "Tunafungua, kuna watoto," na mikono yote inaonekana. Hakuna kujificha chini ya kitanda. Sina hakika kama ingewasaidia wale wa Nyalenda. Ndicho tulicho nacho.

Uchunguzi wa mahakama hapa Kisumu kuhusu kifo cha Pendo uliwalaumu polisi mwaka 2019, na kesi ile ilisimama juu ya ripoti za daktari na maneno ya mashahidi. Mimi nilikwenda hospitali siku ya nne, nikidhani kiwiko kitapona kwa maji moto na chumvi. Kufikia hapo, nani angejua kama sikuanguka na pikipiki? Nenda siku hiyohiyo. Mwambie daktari aandike umepigwa na nini na saa ngapi. Kisha kituoni, uandikiwe kwenye OB, kitabu cha matukio, na uondoke na namba yake. Fomu ya P3, ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha yako, itafuata. Kama unaogopa kwenda peke yako, nenda na mzee wa mtaa au mchungaji. Malalamiko dhidi ya askari hupelekwa IPOA, chombo cha kiraia kilichoundwa kwa sheria ya 2011, na Kisumu wana ofisi.

Sheria pia inamtaka askari mwenye sare aonyeshe jina au namba yake ya kazi. Gizani huwezi kusoma, najua, lakini namba ya lori unaweza, na rangi ya kofia unaweza. Ndugu yako akikamatwa, zunguka vituo vyote usiku uleule, usingoje asubuhi. Watu hupelekwa mbali na walipokamatiwa. Katiba, kifungu cha 49, inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti kama muda huo unaangukia wikendi. Andika saa aliyochukuliwa. Usipoiandika wewe, itaandikwa na mwingine.

Chini ya droo ya pesa ninalo daftari la shule, jalada la bluu. Ukurasa wa kwanza una simu ya OCS, ya wakili mmoja wa hapa mjini na ya jirani mwenye gari. Kurasa zinazofuata zina tarehe, saa, namba za magari. Juni 2024, mwezi wa maandamano, peke yake ilichukua kurasa tano.