Kumkanda mtoto mchanga: maswali yenu

Safari hii karibu wote mmeuliza kuhusu mikono: iwe mizito kiasi gani, ipakwe mafuta gani, na ya nani iachwe imguse mtoto.

Mwanangu ana wiki tatu. Naanzaje, na nitumie nguvu kiasi gani? (Mama, Tabata)

Kitovu kikishadondoka na pale kilipokuwa pamekauka, mwili wote unakandika. Kabla ya hapo acha tumbo, fanya miguu na mgongo tu.

Chagua saa ambayo mtoto yuko macho, ametulia, na zimepita kama dakika 45 tangu anyonye. Ukimwahi tumbo limejaa, atacheua yote. Vua pete na bangili, kata kucha, nawa mikono. Tandika khanga iliyokunjwa mara mbili kitandani, na feni igeuze upande mwingine, maana mtoto aliye uchi na mwenye mafuta hupoa upesi hata kwa joto letu hili. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kinatosha mwili mzima. Usimmwagie mwilini. Mimina kiganjani, sugua viganja karibu naye aone na asikie, halafu mwambie mnaanza. Baada ya siku kadhaa ataijua sauti ile na utaona ananyoosha miguu mwenyewe.

Anza na miguu, kwa sababu imezoea kushikwa kila anapobadilishwa nepi. Mkono mmoja ushike kifundo, mwingine uzungushe paja kama unavyoshika glasi, uteleze taratibu hadi kifundoni. Badili mikono, mara tano au sita kila mguu. Kisha pitisha dole gumba kwenye unyayo, kutoka kisigino kwenda vidoleni. Kifua na uso viache mwisho, watoto wengi hawavipendi mwanzoni.

Kuhusu nguvu, funga jicho lako, bonyeza kope kwa kidole mpaka pale unapohisi ukizidisha kidogo tu itakera. Ishia hapo. Pungufu sana nako ni kosa: mguso wa juujuu humtekenya, naye atajikunja. Neno lenyewe kukanda linatuponza, maana unga wa maandazi nao hukandwa. Wazee wa Pwani wana neno kusinga, nalo liko karibu zaidi na kazi hii.

Wiki za mwanzo dakika tano zinatosha. Akigeuza uso, akipata kwikwi, akikunja ngumi, akijipinda mgongo au akipiga miayo mfululizo, amekwambia basi. Wengi wanaosema mtoto wao hapendi kukandwa wanaendelea dakika mbili tatu baada ya kuambiwa.

Mama mkwe anamnyoosha miguu asiwe na matege, anamfinyanga kichwa kiwe duara na kumkamua maziwa. Nimwambieje? (Mama, Mbagala)

Kati ya hayo matatu, la kukamua lisimame leo. Maziwa ya mtoto mchanga, wa kike au wa kiume, huvimba kwa sababu ya homoni alizopata kwa mama yake, na yenyewe hunywea ndani ya wiki chache. Yakiminywa huingia vijidudu, na mwisho wake ni jipu.

Miguu ya mtoto mchanga imepinda kwa sababu alikaa amejikunja tumboni. Hunyooka yenyewe akishaanza kutembea, kwa kawaida karibu na miaka miwili. Kuivuta na kuifunga pamoja imenyooka hakuongezi kitu, ila kunaweza kuitegua nyonga ambayo bado ni laini. Kumning'iniza kwa miguu ndiyo kabisa, asithubutu. Kichwa kilichorefuka wakati wa kuzaliwa hurudi chenyewe, na kwenye utosi kiganja kipite bila kubonyeza.

Namna ya kumwambia: usimnyang'anye mtoto mikononi. Mkaribishe, “Mama, nesi ametuelekeza tumfanyie hivi, hebu tushike miguu pamoja.” Bibi ana subira na sauti ya kubembeleza ambayo mzazi aliyekesha hana. Mwachie mgongo na nyayo.

Tangu nianze kumpaka mafuta amejaa harara shingoni. Mafuta gani ni salama? (Mama, Kigamboni)

Huenda tatizo ni saa na mahali kuliko aina. Mafuta yakilala juu ya ngozi inayotoka jasho huziba vitundu vyake, na kuanzia Desemba hadi Machi mtoto wa Dar anatoka jasho muda wote. Shingo, kwapa na mikunjo ya mapaja usivipake kabisa. Geuza na utaratibu: mkande kwanza, muogeshe baadaye, asubuhi kabla jua halijakolea. Mkiwa mnakwenda kuoga, mfunike khanga kabla ya kumnyanyua. Mtoto mwenye mafuta huponyoka kama samaki.

Mafuta ya nazi safi au ya alizeti, yasiyo na manukato, yanafaa. Mzeituni unasifiwa kupita kiasi: una asidi inayolegeza ngozi changa. Kwanza paka tone moja ndani ya mkono wake, ungoje siku nzima. Dawa za kuchua za wakubwa zenye mentholi au kafuri zisimkaribie, zinaweza kumbana pumzi.

Ana wiki sita, kila jioni analia akijinyonga. Wanasema ni mchango. (Mama, Ubungo)

Kilio cha jioni huanza karibu na wiki ya pili, hufika kileleni karibu na ya sita, na hupungua kwenye mwezi wa tatu au wa nne. Kukanda hakukiponyi. Kunasaidia gesi itoke, basi.

Kama kilio huanza saa kumi na mbili, wewe mkande saa kumi. Anayelia habanwi kitandani akandwe, anabebwa. Shusha viganja kutoka chini ya mbavu hadi chini ya kitovu, kimoja kikifuata kingine, kama unavyovuta mchanga ufukweni, mara sita. Kisha zungusha kiganja kufuata mishale ya saa, mara sita. Ndivyo utumbo mpana unavyokwenda, na ukizungusha kinyume unarudisha unachotaka kitoke. Malizia kwa kusogeza magoti tumboni, hesabu mpaka sita, achia. Rudia yote mara tatu.

Akitapika rangi ya kijani, tumbo likiwa gumu na limevimba, kukiwa na damu kwenye kinyesi, akifika nyuzi 37.5 au akigoma kunyonya, nendeni hospitali muda huohuo. Na maji ya mchango acheni: hadi miezi sita ni maziwa ya mama tu.

Nikimshika mimi analia, kwa mama yake ananyamaza. (Baba, Gongo la Mboto)

Usianze na mafuta wala kumvua nguo. Ukirudi kazini oga, kisha mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi, kiganja kimoja mgongoni kwake kikiwa kimetulia tuli. Dakika tano, kila siku saa ileile, na mama awe chumba kingine. Akizoea hilo, ongeza nyayo, halafu miguu. Kosa la akina baba wengi ni haraka ya mkono: wanasugua kama wanang'arisha kiatu.

Amechomwa chanjo, naruhusiwa kumkanda? (Mama, Tegeta)

Ndiyo, ila paja lililochomwa liache siku mbili. Kile kidonda cha chanjo ya kifua kikuu mkononi usikipake mafuta wala kukiminya mpaka kikauke chenyewe.

Mtoto wangu ni njiti, ametoka hospitali akiwa na kilo 1.8. (Mama, Kinyerezi)

Kwake, kusugua kunaweza kuwa mzigo. Endelea na kangaruu, yaani kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, saa nane au zaidi kwa siku kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Akiwa nje ya kifua chako mpe mkono usiosogea: kiganja kimoja kichwani, kingine kikikusanya miguu yake iliyokunjwa, ukae hivyo dakika mbili. Akibadilika rangi au akisahau pumzi, usiondoe mikono ghafla. Papasa unyayo wake, mrudishe kifuani, na akiwa hajatengemaa palepale, mkimbizeni hospitali. Kumkanda kwa mafuta kuanze siku muuguzi wa kliniki atakapomwona na kuridhia.