Minza, umeuliza Mlimani kuna nini

Mwanangu Minza,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma, na mama yako akataka nimsomee tena kwa sauti. Uliandika hivi: "Baba, nimechaguliwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na pia chuo kingine cha huku karibu na nyumbani. Mlimani kuna nini cha zaidi, au watu wanafuata jina tu? Halafu mimi nina diploma na nimeshazoea kazi, si nitakuwa bibi katikati ya watoto wa kidato cha sita?" Mtandao wa huko Nansio, Ukerewe, naujua, ndiyo maana sijapiga simu. Nimeandika, usome ukiwa umetulia.

Nianze na hilo la ubibi, maana halina uzito. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka anayemaliza kidato cha sita apite JKT, kisha afanye kazi kwanza, ndipo aombe chuo kikuu, tena huko kazini wamwandikie kwamba anafaa. Sisi wa enzi hizo tulikaa benchi moja na mabwana shamba, walimu na watu wenye wake na watoto, na hakuna aliyeshangaa. Waliotoka kazini ndio waliokuwa wakimbana mhadhiri kwa maswali. Kwa hiyo wewe unayetoka kupima samaki mwaloni usijione umechelewa. Enzi zetu ungehesabiwa umewahi.

Sasa chuo chenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na darasa dogo la sheria katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kikaunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwaka uliofuata kikahamia kule kilimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikasimama chenyewe kama chuo kikuu cha taifa, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo wa kwanza. Vyuo vingine vikubwa vya nchi hii vimetoka humo. Kitivo cha kilimo cha Morogoro ndicho kilichokuja kuwa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mwaka 1984. Muhimbili na Ardhi zikajitegemea 2007. Ukimsikia mtu wa SUA anaibeza Mlimani, mkumbushe alikozaliwa. Chang'ombe na Mkwawa ya Iringa bado ni vyuo vishiriki, na sasa wanajenga kampasi Kagera, upande wa pili wa ziwa letu, na nyingine Lindi, kwa fedha za HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, ambazo ni mkopo wa Benki ya Dunia.

Mengine utayasikia ukifika, kwa sababu kila anayepita pale anayasimulia kana kwamba alikuwepo. Utaambiwa jinsi wanafunzi walivyoandamana Oktoba 1966 kupinga masharti ya kwenda JKT, Mwalimu akawarudisha makwao zaidi ya 300, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Utaambiwa Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, alifundisha pale na Museveni alisoma pale. Ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa nyuma ya noti ya shilingi 500, utaukuta. Hayo yote ni kweli na yanapendeza, ila hayatakufanyia mtihani.

Kinachokuhusu wewe ni kwamba pale ni chuo cha utafiti, na watu wengi hawaelewi hilo linabadilisha nini. Mhadhiri hulipwa afundishe, lakini kupanda cheo, kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi hadi profesa, kunategemea sana tafiti alizofanya na kuchapisha. Kwa hiyo muda wake unagawanyika. Ana maabara, ana wanafunzi wa uzamili na uzamivu, ana mradi wenye tarehe za ripoti. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwake ni sura moja katika umati. Kwenye chuo kidogo mwalimu atakujua jina kabla ya mwezi kwisha. Mlimani unaweza kumaliza miaka yote mitatu ukipiga madesa, yaani kukariri notisi za wenzako, ukakwepa sapu, ile mitihani ya marudio, ukatoka na GPA nzuri, na usiwahi kuingia katika chumba kimoja ambamo jambo jipya linatafutwa. Wapo wengi wa hivyo, tena wana kazi nzuri. Kama hilo ndilo unalolitaka, baki karibu na nyumbani, utaokoa nauli.

Lakini mimi nakujua. Ulipokuja Krismasi ulinishika hapa sebuleni mpaka chai ikapoa, unanieleza dagaa. Ulisema wale wanaoanikwa mchangani hapo kisiwani, mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, wananuka na kuvunjikavunjika, wanakwenda kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Wale wa kwenye vichanja wanabaki na rangi ya fedha na mnunuzi anawakimbilia. Ukaniuliza kwa nini basi wanawake wengi bado wanaanika mchangani. Je, ni bei ya nyavu na mbao za vichanja, au mnunuzi anayechanganya magunia yote pamoja na kulipa bei moja? Nilikujibu sijui, na nadhani hata huko ofisini kwenu hakuna aliyepima.

Hilo, mama, ni swali la utafiti. Linahitaji mtu wa kukufundisha kupima unyevu na ukungu kwenye maabara, na mwingine wa kukufundisha kuhoji watu na kuhesabu gharama. Mlimani hao wote ni wa chuo kimoja. Kuna shule kuu nzima ya sayansi za majini na uvuvi, kuna taasisi ya sayansi za bahari Zanzibar, kuna wachumi upande wa pili wa barabara. Maktaba mpya waliyoijenga Wachina, iliyofunguliwa 2018, inakalisha wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Na hayati Magufuli, kabla hajawa Rais, alifundisha Sengerema, akafanya kazi chama cha ushirika cha Nyanza kama mkemia, na udaktari wake alikuja kuuchukua palepale mwaka 2009 kwa kuchunguza mafuta ya maganda ya korosho kama kinga ya kutu. Siasa zake tuziache. Nakwambia tu kwamba mtu wa huku kwetu aliingia na jambo lake akalifikisha.

Tatizo utakaloliona ni kwamba wenzako wengi watakuwa wanawaza bahari, kwa kuwa wako Dar na bahari iko mlangoni. Ziwa liko mbali nao. Wewe usione aibu kuleta ziwa. Waliokuja kuchunguza furu, wale samaki wadogo wa ziwani, katika Ghuba ya Mwanza kuanzia 1977 walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi. Sangara alishapandikizwa ziwani kabla ya hapo, na alipoongezeka kwa kishindo miaka ya 80 akawamaliza furu wengi, hao Waholanzi ndio waliokuwa na kumbukumbu za jinsi ilivyokuwa kabla. Nawashukuru. Ila daftari la furu wetu lilikwenda kusomwa Leiden, na mimi niliyekuwa nikila furu hao utotoni niliambiwa na mgeni kwamba wamekwisha.

Kwa hiyo jibu langu ni uende, lakini usiende kukaa kimya. Mwaka wa kwanza soma, usidisko, yaani usiondolewe chuo kwa kufeli, basi. Mwaka wa pili tafuta nani anaandika kuhusu samaki wa maji baridi, soma angalau andiko lake moja, kisha gonga mlango wake na dagaa wako. Atakufukuza mara ya kwanza kwa sababu ana kikao. Rudi. Likizo ukija Mwanza, pita TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapo Nyegezi, ni jirani na chuo chako cha zamani, uombe kuona takwimu zao za dagaa, ili utakapochagua mada ya mwaka wa tatu usianze na karatasi tupu.

Mambo ya haraka. Thibitisha chuo kimoja kwa ile namba ya siri ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kabla dirisha halijafungwa, usiache mpaka usiku wa mwisho mtandao ukagoma. Mkopo umeshaomba, lakini usiende ukitegemea bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, liwe limeingia siku ya kuripoti; nimeweka kando hela ya miezi miwili. Chumba cha chuo ukikosa, shangazi yako wa Kimara anasema atakupokea, ingawa ana masharti yake kuhusu saa ya kurudi na unayajua. Mama yako anauliza kama akufungie dagaa wa kubeba. Nimemwambia unazo za kwako huko, ila hajakubali, kwa hiyo mjibu mwenyewe.

Baba yako,
Buswelu, Mwanza