Kumwagilia ukoka: kila jioni au mara mbili kwa wiki?

Mara mbili kwa wiki, tena alfajiri. Kuurashia ukoka kila jioni dakika tano hakuokoi maji hata kidogo: yanalowesha juu tu, jua la kesho linayakausha, na mizizi inabaki juu juu ikisubiri mpira. Ukimwagilia kwa kina halafu ukaacha siku tatu nne, mizizi inashuka kuyafuata.

Kipimo changu ni makopo matupu ya nyanya. Tawanya matano kwenye nyasi, fungua maji, angalia saa ujue yanachukua muda gani kupanda ndani ya kopo. Milimita 1 kwenye kopo ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo milimita 12 kwenye bustani ya mita 100 za mraba ni lita 1,200. Ukiona hesabu hiyo kwa maji ya boza, utaacha kumwagilia kwa mazoea! Nusu saa baadaye choma bisibisi ndefu ardhini. Ikizama sentimita 15 bila kugoma, inatosha.

Ukoka wenye kiu hujisema wenyewe: rangi inafifia kuwa kama kijivu, na ukipita nyayo zako zinabaki.

Ila kama uko kwenye mchanga mtupu, mfano Kigamboni, gawa kiasi hichohicho cha wiki mara tatu, maana mchanga haushiki maji. Na usikate nyasi hadi chini kabisa. Miche na maua yawekee matandazo, hata majani makavu yanafaa.