Feni, daku na takwimu: nilivyofundisha chuo kwa simu Mombasa, 2020

Ndugu yetu mmoja ni mhadhiri mpya. Kaambiwa muhula ujao nusu ya kozi yake aifundishe mtandaoni, sasa anatuuliza tuliofundisha wakati wa korona tulifanyaje, na kama anunue kamera ya maana. Kamera wacha. Nunua maikrofoni ya bei nafuu, chenji itakayobaki tia tokeni za stima.

Mimi nilikuwa mhadhiri wa muda, nafundisha takwimu mwaka wa pili, wanafunzi 84. Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020. Siku mbili baadaye Rais Kenyatta akaamuru masomo yasimame, na vyuo vikuu vikapewa mpaka Ijumaa tarehe 20 viwe vimefungwa. Vijana wangu waliondoka na begi moja moja, wakidhani ni mambo ya wiki tatu. Aprili 8 Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, na kafyu ilikuwa imeshaanza, saa moja jioni kila mtu kwake. Kisha chuo kikatuandikia barua: masomo yaendelee mtandaoni. Ilikuwa na mistari sita hivi, na hakuna hata mmoja uliosema vipi.

Basi nikauchukua mhadhara wangu wa saa mbili nikautia Zoom kama ulivyo. Akaunti ya bure, dakika ya 40 inakata. Siku ya kwanza waliingia 31, ilipokata tukaingia upya, wakarudi 19. Nikauliza, "Tuko pamoja?" Kimya. Siku nyingine mmoja akasahau kuzima sauti, tukamsikia mama: "Hiyo simu yangu utanipa saa ngapi? Wateja wa mahamri wanapiga!" Darasa zima likacheka, mimi sikucheka. Kumbe siku zote hizo nilikuwa nikimwandika huyo kijana "hayupo".

Tena kuna habari ya feni, ambayo hakuna semina itakayokwambia. Aprili ya Mombasa unaijua. Ukiwasha feni, wanafunzi wanasikia kama mvua inapiga mabati. Ukizima, jasho linadondokea karatasi na wino unachuruzika. Ubao sikuwa nao, nilikuwa nikiandika nyuma ya kalenda ya zamani, simu nimeilaza juu ya vigoda viwili ikichungulia chini.

Kilichotuokoa ni kuacha video. Nilipima kwenye simu yangu: saa moja ya video ilikula karibu MB 500, rekodi ya sauti ya dakika sita kwenye WhatsApp kama MB 1 tu. Nikawa naugawa mhadhara vipande vitatu vya sauti, kila kimoja na picha ya karatasi yake, wazo moja na mfano mmoja. Mwisho wa Aprili Ramadhani ikaingia. Bando la usiku lilikuwa bei rahisi na nusu ya darasa waliamka kula daku, kwa hivyo saa tisa usiku nikawa narusha somo. Kabla ya alfajiri maswali yashaanza kuingia, tena kutoka kwa watu ambao darasani sikuwahi kuisikia sauti yao. Binti mmoja wa Kinango, kule Kwale, alikuwa akirekodi kwa kunong'ona maana nyumba nzima imelala, na maswali yake ndiyo yaliyonifanya nirekodi upya somo la sampuli.

(Na hapa niseme la moyoni. Nyaya za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS, ziliingia nchi hii kwa kupitia Mombasa mwaka 2009. Mwaka 2020 mtoto wa Kinango alikuwa bado anatafuta mtandao kwa kupanda kilima.)

Majaribio ndiyo yaliyonitoa jasho kweli. Jaribio la kwanza, karatasi 40 na zaidi zilikuja na kosa lilelile, nukta ya desimali imekaa palepale. La pili nikaacha kutoa takwimu zangu. Kila mtu arekodi mwenyewe bei za vitu vitatu dukani kwao kwa siku 14, apige hesabu, aeleze. Mmoja alikuwa anaishi Mji wa Kale, na katikati ya zoezi, Mei 6, serikali ikazuia watu kuingia na kutoka huko. Jedwali lake likaja na mapengo, pembeni kaandika: "Nyanya hazikuletwa." Nilimpa alama za juu kuliko wote. Data iliyokosekana huwa naifundisha wiki nzima, yeye aliipata mlangoni kwao.

Nisikudanganye lakini, tulipoteza watu. Wanafunzi 11 sikuwasikia kabisa. Mwakilishi wa darasa aliwatafuta kwa simu mmoja mmoja, wanne wakarudi. Mmoja alikuwa anaendesha bodaboda Mtwapa. Darasani ningemwona uso siku ya kwanza kwamba ana jambo. Kwenye simu, kimya cha aliyeelewa na kimya cha aliyeacha masomo ni kimoja, kwa hivyo kila wiki niliwapigia watano, dakika mbili mbili, kwa salio langu. Mwombe mkuu wa idara akulipie hilo kabla muhula haujaanza. Mimi niliomba baadaye, hadi leo nangoja.

Feni washa tu. Wiki ya tatu walishaizoea, na siku stima ilipopotea wakaniuliza, "Mwalimu, leo mbona kimya hivyo?"